Sauti ya Mwanafunzi Ilipopuuzwa

Januari 2000, katika hospitali moja mjini Llanelli, Wales, mzee wa miaka 70 aliingizwa chumba cha upasuaji ili aondolewe figo ya kulia iliyokuwa na ugonjwa. Wapasuaji wakatoa ya kushoto, iliyokuwa nzima. Wiki chache baadaye mzee yule alifariki.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dalili zilionekana mapema. Fomu ya kulazwa iliandikwa upande usio wake, na karatasi moja ikikosea, wengi huifuata pasipo kurudi kwenye jalada. Picha ya eksirei nayo ilitazamwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Hata hapo nafasi ya kujiokoa ilikuwapo bado: mwanafunzi wa udaktari aliyekuwamo chumbani alisema kwamba figo inayotolewa siyo. Akaambiwa amekosea. Kazi ikaendelea.

Tusiwaone madaktari wale kuwa watu wa ajabu. Ni nani kati yetu asiyewahi kumnyamazisha aliye chini yake kwa kuwa yeye ndiye mzoefu? Ningekuwa mimi nimeshika kisu siku ile, sina hakika kama ningesimama.

Dawa ya makosa kama haya ilitafutwa kwa kushirikiana. Shirika la Afya Duniani, kwa uongozi wa daktari mpasuaji Atul Gawande, liliandaa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha, ikajaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali za miji 8, Ifakara ya Tanzania ikiwamo. Timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Kabla ya kuchana, kila mmoja hutaja jina na kazi yake, kisha wote huthibitisha kwa sauti mgonjwa ni nani na anapasuliwa wapi. Mtu akishasikika mara moja mbele ya bingwa, haogopi sana kusema tena. Vifo katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Lakini orodha ikijazwa baada ya mgonjwa kushonwa, ili jalada lionekane limekamilika tu, haimlindi mtu.

Nanyi mnaompeleka mzazi kupasuliwa, msione haya. Ombeni upande husika uwekwe alama ya wino mgonjwa akiwa macho, naye aulizwe mwenyewe. Muuguzi akija kumchukua, muulizeni: upande gani? Akijibu tofauti na mlivyoambiwa kliniki, kitanda kisitoke wodini mpaka daktari aje na picha mkononi.