Kazi ya Saa Kumi na Moja



Sisi tuliokwisha kustaafu, na ninyi mnaokaribia, tunakutana na swali moja ambalo halimo katika muhtasari wa chuo chochote cha ualimu: Je, muda huu uliobaki ni wa nani? Mtumishi wa umma katika nchi yetu huruhusiwa kustaafu kwa hiari akifikia miaka 55, na akifikia 60 hana budi kuondoka kazini. Siku ile hupewa barua na mkono wa kwaheri, na kesho yake kengele ya shule hulia bila yeye. Mkulima, mvuvi na mama wa nyumbani hawapewi barua. Wao hustaafishwa na magoti. Lakini kwa wote saa hufika ambapo hakuna tena mkubwa wa kazi wa kutuuliza asubuhi tulikuwa wapi. Ni nani basi wa kutuuliza?

Majibu mawili husikika sana barazani. La kwanza lasema: “Muda huu ni wangu. Nimefanya kazi miaka arobaini, niacheni.” La pili lasema: “Muda wangu umekwisha. Nangoja kuitwa tu.” Majibu haya huonekana kama hayafanani, kumbe ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili hudhani kwamba Mungu hana tena haja na mtu huyu. Sisi twaona kwamba liko jibu la tatu, na jibu hilo twalipata shambani.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, Bwana wetu alisimulia habari za mwenye shamba la mizabibu aliyetoka kutafuta vibarua. Alitoka alfajiri, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, na mwisho saa kumi na moja. Hapa sisi wasomaji wa Kiswahili tuna bahati. Wazungu, wanaohesabu saa tangu usiku wa manane, hulazimika kuelezwa hiyo ni saa gani. Sisi hatuhitaji mfasiri. Saa za mchana za Wayahudi zilihesabiwa tangu macheo, kama zetu, na hata mtoto wa hapa ajua saa kumi na moja jioni ilivyo: jua limepoa, vivuli vimerefuka, na mchana umebakiza saa moja.

Yafaa tuseme kweli kwamba mfano huu haukutolewa ili kufundisha habari za uzee. Wafundisha ukarimu wa Mungu, ambao haupimwi kwa vipimo vyetu. Hata hivyo mna mambo mawili ndani yake yanayotuhusu. La kwanza ni kwamba mwenye shamba hakuidharau saa moja. Angaliweza kusema kwamba siku imekwisha, akarudi nyumbani. Badala yake alikwenda sokoni, akawakuta watu waliosimama bure kwa sababu hakuna aliyewaajiri, akawapeleka kazini. La pili ni chungu zaidi. Walionung'unika jioni ile ni wale wa asubuhi. Nasi tuliobatizwa utotoni, tulioimba kwaya tangu kanisa likiwa la miti na udongo, sisi ndio watu wa asubuhi. Kishawishi chetu si uvivu tu. Ni kuhesabu jasho letu, na kumtazama kwa kijicho kijana aliyeingia kanisani jana akapewa sawasawa na sisi. Mtu aweza kuimaliza saa yake ya mwisho yote akinung'unika penye malipo, na twadhani hakuna njia mbaya kuliko hiyo ya kuitumia.

Basi, kazi ya saa kumi na moja ni ipi? Mkulima ajua. Saa hiyo hakuna mtu anayeanza kufyeka pori jipya. Ni saa ya kuanua. Mpunga, mtama, makopa ya muhogo, dagaa, chochote kilichoanikwa asubuhi, huanuliwa kabla umande haujaanguka. Kazi hii si nzito kama kulima, na haimletei mtu sifa. Lakini asiyeifanya hupoteza kazi ya siku nzima. Walimu nao wanalijua jambo hili. Katika mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aliweza kuwa na andalio la somo zuri sana, utangulizi wa kuvutia na maarifa mapya tele, kisha kengele ikalia hajafika kwenye hitimisho. Watoto walitoka na vipande vipande vichwani. Maisha nayo yana hitimisho lake, na hitimisho lahitaji dakika zake.

Tuangalie basi mambo matatu yanayopasa kuanuliwa.

Kwanza, tuanue magomvi na mambo tuliyoyaacha nje. Wako ndugu wa baba mmoja na mama mmoja katika parishi zetu ambao hupokea Ekaristi kwenye reli moja, lakini hawajasalimiana tangu shamba la marehemu baba lilipogawanywa. Kila mmoja angojea mwenzake aanze. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo la mzee halina nguvu ya kungoja sana. Tena, mara nyingi sisi wazee ndio tu tunaojua mti wa mpaka ulipandwa wapi, kiwanja kilinunuliwa kwa nani, na fulani alikopeshwa nini. Tukiondoka kimya, tunawaachia watoto vita. Wako Wakristo wanaoogopa kuandika wosia, wakidhani kwamba kuuandika ni kukiita kifo. Kifo hakingoji kuitwa. Lakini mjane ambaye mume wake hakuacha neno lolote aweza kujikuta akibishana na mashemeji hata kabla matanga hayajaondolewa. Kuandika wosia mbele ya mashahidi, na kuuweka mahali pa salama, kwa mfano katika ofisi za RITA ambazo hupokea na kutunza wosia, ni tendo la upendo kwa jirani. Alasiri moja yatosha kwa kazi hiyo, na alasiri hiyo yaweza kumwokoa mjane na miaka kumi ya baraza na mahakama.

Pili, tukabidhi. Hili ni gumu kuliko la kwanza, maana magomvi yanatuchosha, lakini vyeo vinatupendeza. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, tunasoma habari za mzee Barzilai, Mgileadi, mwenye miaka 80. Alikuwa amemlisha mfalme Daudi wakati wa taabu, na Daudi alipokuwa akirudi Yerusalemu alitaka kwenda naye akae katika jumba la mfalme. Barzilai alikataa kwa heshima. Alimweleza mfalme kwamba ladha ya chakula na sauti za waimbaji hazimfai tena, na kwamba apenda kufa mjini kwake, karibu na kaburi la wazazi wake. Kisha akamtanguliza Kimhamu, kijana, aende badala yake. Hakususa wala hakulalamika. Aliitazama nafasi ya heshima, akaona kwamba inamfaa mwingine.

Masasi yatupa mfano wa karibu zaidi. Askofu Trevor Huddleston aliongoza Dayosisi ile tangu mwaka 1960. Mwaka 1968, akiwa na miaka 55, aliondoka, na kiti chake kikashikwa na Mwafrika. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Jimbo la Bahari ya Hindi hadi alipostaafu mwaka 1983, akiwa na miaka 70. Kukabidhi hakukuwa kulala. Miaka iliyofuata aliendelea kuiongoza, akiwa rais wake, harakati iliyokuwa Uingereza ya kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Mungu alimjalia kuona uchaguzi wa mwaka 1994, kabla ya kufariki mwaka 1998. Kadhalika Mwalimu Nyerere, ambaye hakuwa wa Kanisa letu lakini alikuwa wetu sote, alikabidhi urais mwaka 1985 akiwa na miaka 63. Mwaka 1996 vilichapishwa vitabu vyake vya Injili na Matendo ya Mitume alivyovitunga kwa utenzi, na mwaka huohuo akaanza kazi ya kuwapatanisha Warundi, kazi aliyokuwa bado anaishughulikia alipofariki mwaka 1999.

Tunawataja wakubwa hawa si kwa sababu kila mmoja wetu aweza kupatanisha mataifa. Tunawataja ili tuone kwamba mkono ulioachia cheo hupata nafasi ya kushika kitu kingine. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Mzee wa kanisa aliyeshika daftari la hazina miaka ishirini, akamfundisha kijana kulishika, kisha akakaa kando akijibu anapoulizwa tu, ametumia muda wake vizuri kuliko yule anayelikumbatia daftari mpaka macho yanakataa kusoma tarakimu. Twajua jibu la wengi: “Vijana wa siku hizi hawawezi.” Pengine hawawezi. Lakini nasi hatukuweza mpaka mtu alipotuachia chaki.

Tatu, tuwepo. Mzee ana kitu kimoja ambacho kijana hana, nacho ni kutokuwa na haraka. Wanetu wanakimbizana na basi la asubuhi, karo, mkopo na simu zinazolia mpaka usiku. Wanaweza kumpelekea mfiwa mchango. Hawawezi kukaa naye. Watu huja wengi siku ya maziko, lakini baada ya wiki tatu ua wa mfiwa huwa mtupu, na hapo ndipo mtu asiye na haraka anapohitajiwa. Kuna mtoto wa darasa la tatu ambaye hajui kusoma, na katika darasa la watoto themanini mwalimu wake hana namna ya kumsikiliza peke yake. Bibi au babu ajuaye herufi, akimkalisha nusu saa kila jioni na Injili ya Marko, amefanya jambo ambalo fedha hainunui. Tena iko sala. Luka atuambia habari za Ana binti Fanueli, mjane wa miaka 84, aliyedumu hekaluni usiku na mchana. Mzee anayeliombea kila jina katika daftari la ushirika, jina baada ya jina, hajakaa bure, ijapokuwa hakuna taarifa ya mwaka itakayomtaja.

Lakini watakuwapo watakaosema: “Maneno haya ni ya watu wenye pensheni.” Hoja hii ni ya haki. Wako mabibi kati yetu wanaolea wajukuu watano ambao wazazi wao wamekufa au wamepotelea mijini. Bibi huyo huamka kabla ya jogoo, huuza maandazi, na usiku hulala akiwaza sare za shule. Kumhimiza atumie muda vizuri ni kumdhihaki. Yeye hakosi kazi ya saa kumi na moja. Anakosa wa kumsaidia kuimaliza. Kwa mtu kama huyu, pumziko si uvivu. Mungu aliyeamuru kazi aliamuru pia Sabato, na ni wajibu wetu tulio na nafasi kumpatia alasiri moja katika juma ya kukaa chini. Halmashauri ya Parishi na Umoja wa Mama wakitaka kuanza na jambo moja, waanze na hili.

Na mgonjwa aliyelala kitandani, asiyeweza hata kugeuka bila kushikwa? Tumwambie nini juu ya kutumia muda? Hapa tuikumbuke dinari. Haikupimwa kwa vikapu vya zabibu. Aliyefanya saa moja alipewa sawa na aliyefanya siku nzima, maana malipo yalitoka katika wema wa mwenye shamba. Kwa hiyo hatufanyi kazi ya jioni ili Mungu asituone wazembe, wala ili tujaze pengo la miaka iliyopita. Tunafanya kwa kuwa tumeajiriwa na bwana mwema. Mgonjwa anayekubali kuoshwa na kulishwa bila uchungu moyoni anawafundisha wanaomwuguza somo ambalo wengi wetu tutalihitaji siku moja.

Tusisahau pia kwamba wale wa saa kumi na moja walikuwa wamesimama bure kwa sababu hakuna aliyewaita. Vijana, msingoje mzee abishe hodi. Mwenye shamba alitoka mwenyewe kwenda kuwatafuta. Mwulizeni mzee wa jirani yenu akisomee shule ya Jumapili hadithi moja, au awaeleze kanisa lenu lilijengwaje. Penye wazee haliharibiki neno, lakini sharti wawe wameitwa penye neno.

Katika Sala ya Jioni, Kitabu chetu cha Sala kimeweka nyimbo mbili za Injili ya Luka: wimbo wa Mariamu na wimbo wa Simeoni. Mmoja ni msichana ambaye maisha yake yako mbele. Mwingine, kwa mapokeo ya Kanisa, ni mzee. Mara nyingi tunaziimba bila kufikiri kwa nini zimekaa pamoja. Simeoni aliomba ruhusa ya kwenda zake akiwa amembeba mtoto mikononi. Hakumng'ang'ania. Alimshukuru Mungu, akawabariki wazazi wake, na mtoto akaendelea na safari ambayo yule mzee hakuiona mwisho wake. Huko ndiko kuanua kwa kweli.

Bwana wa shamba atujalie neema ya kuijua saa tuliyo nayo, mikono ya kuitumia, na moyo wa kuiacha bila manung'uniko giza liingiapo. Amina.