Je, Mvua ni Udhuru wa Kukata Jamaa?

Kila ifikapo masika, baina ya Machi na Mei, baadhi ya ndugu hutuletea swali hili katika darasa letu hapa Kahawa Wendani: mtu mwenye wazazi na jamaa mashamba, je, mvua kubwa yamwondolea wajibu wa kwenda kuwatazama? Wako wasemao kuwa yamwondolea kabisa, nao hukaa kwa raha zao mpaka njia zikauke. Na wako wasemao kuwa hapana udhuru mbele ya mzazi, na kwamba yampasa mtu aende hata maji yakimfika kifuani. Sisi twaona kauli zote mbili zina kasoro, na twapenda kueleza kwa nini.

Wendani ni neno la Kigikuyu, na maana yake ni kupendana. Lakini wengi wa wakaao hapa asili yao ni kwingine. Mmoja jamaa zake wako Murang'a, wa pili Kitui, wa tatu Mumias, wa nne Garissa, wa tano Pwani. Kwa hiyo swali hili kwetu si la vitabuni tu. Ni swali la nauli, la matope na la mito.

Ama haki ya jamaa haina shaka. Katika aya ya kwanza ya Sura ya Nisaa, Mwenyezi Mungu ameiweka haki ya jamaa pamoja na amri ya kumcha Yeye. Na Mtume wetu (Rehema na Amani zimshukie) amefundisha kwamba muunga jamaa wa kweli si yule alipaye mema aliyotendewa, bali ni yule aungaye hata akikatwa.

Lakini dini hiyo hiyo imeiangalia hali ya mvua. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim kwamba Ibn Abbas, siku ya Ijumaa yenye mvua, alimwamrisha muadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Watu walipostaajabu, aliwajulisha kuwa amefanya hivyo aliye bora kuliko yeye, na kwamba hakupenda kuwatoa waje wakitembea katika tope na utelezi. Tazameni, ndugu zetu: Ijumaa ni faradhi, na juu ya hivyo tope limetiwa katika hesabu. Wala sala haikuondoka siku ile. Kilichoondoka ni mwendo wa kwenda msikitini. Hapa ndipo lilipo jawabu letu. Mvua yaweza kumwondolea mtu safari, lakini haimwondolei deni.

Tuwajibu kwanza wale wasemao kuwa hapana udhuru. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowachukua watu waendao arusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, karibu na Mwingi, katika Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Tarehe 9 Aprili 2024, siku moja kabla ya Idi, basi jingine lilichukuliwa na mafuriko katika Kaunti ya Tana River, kwenye barabara ya Garissa. Abiria wake waliokolewa kwa rehema ya Mola. Twawapa pole waliofiwa, wala hatumlaumu abiria aliyekaa kitini pasina amri juu ya usukani. Lakini mwenye hiari ya kwenda au kungoja, naye ayaona maji yapita juu ya daraja, huyo amekatazwa, kwani Mwenyezi Mungu ametukataza katika Sura ya Baqara tusijitie wenyewe katika maangamizo. Aingiaye mtoni kwa kuogopa kusemwa kuwa amewasahau wazee, hakuwaunga wazee wake. Huenda akawaachia matanga. Na jamaa walioko nyumbani nao wamche Mungu, waache ile ada mbaya ya kuhesabu safari na kumsimanga asiyefika.

Sasa tuwageukie wenzetu wa raha. Masika ni wakati gani kwa mtu wa shamba? Katika sehemu nyingi za nchi hii mahindi hupandwa mvua zinapoanza, na mavuno huja baada ya miezi mingi. Mwezi wa Aprili na wa Mei ghala yapungua, kuni zimelowa, paa lavuja, na mzee hathubutu kukanyaga utelezi kwenda dukani wala zahanati. Huo ndio mwezi wa dhiki. Nasi twakwenda lini? Wengi wetu twakwenda Desemba, shule zimefungwa na watu wote wamekusanyika. Na masika ikija twasema: mvua. Basi kila mmoja aipime nafsi yake. Ikiwa mvua ile ile haimzuii kwenda dukani kwake, wala haimzuii kuhudhuria arusi ya tajiri mjini, ajue kwamba kilichomzuia kwenda kwa mamake si mvua.

Tena yuko aendaye, lakini kwenda kwake ni mzigo. Hufika na watoto wanne bila ya kutoa habari, kuni kavu za juma zima zikaisha kwa siku moja, kisha njia ikakatika naye akabaki pale akilishwa. Mtume ametufundisha kuwa ugeni ni siku tatu, na kwamba si halali mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake udhiani. Aendaye wakati wa masika na aende kama mtu wa kazi: achukue unga na makaa, achukue misumari ya bati, na asubuhi ashike jembe. Naye aulize mbele, kwani mwenyeji ndiye ajuaye hali ya njia na ya ghala yake.

Huenda mtu akasema: siku hizi iko simu, na tangu mwaka 2007 iko M-Pesa, si natuma pesa, basi yatosha? Twasema: hiyo ni neema, na njia ikikatika ndiyo iliyo wajibu kwa mwenye uwezo. Lakini pesa hununua bati, haioni paa. Wazazi wengi huficha. Ukiwauliza kwa simu, husema ni wazima, na huku chungu cha kukinga maji kiko kando ya kitanda. Hapana budi pawe na jicho. Asiyeweza kufika amwombe jirani au ndugu aliye karibu akaone, na maji yakipungua aende juma lile lile, asingoje Desemba.

Basi khulasa ya maneno yetu ni hii: penye hatari, ngojea, penye tope tu, nenda, na ukingojea, mkono wako utangulie mahali ambapo mguu haukufika. Mwenyezi Mungu aijaalie mvua hii kuwa ya manufaa, wala si ya maangamizo, na atuwafikishe kuzitimiza haki za jamaa zetu. Amin.