Ukikuta Malkia wa Bure



Huku Tarime wengi tumekulia kwenye drafti ya vifuniko vya soda. Kwenye drafti kula ni lazima. Kete ikikaa mbele yako na nyuma yake kuko wazi, unaruka tu, hata kama mtego unauona kwa macho. Ndiyo maana mzee mjanja anakulisha moja halafu anakula tatu.

Sataranji siyo hivyo. Unaweza kumkuta malkia wa mpinzani amekaa wazi kabisa na ukamwacha. Sheria haikulazimishi, labda kama hiyo ndiyo njia pekee ya kumwokoa mfalme wako. Kwa hiyo lazima ufikiri, na hapo ndipo wengi tunapokwama.

Tusidanganyane, malkia ni mali. Wachezaji humhesabia pointi 9, wakati ngome ina 5, farasi 3 na askofu 3 (samahani, Baba Askofu). Ukimpata kweli bure, mle. Kuogopa kila kizuri kinachokuja siyo utakatifu, ni woga tu.

Lakini kuna mchezo maarufu wa Paris, karne ya 18. Mfaransa mmoja, Légal, alisogeza farasi wake akamwacha malkia wazi. Mpinzani akamrukia kwa furaha. Askofu wa Légal akamshambulia mfalme, mfalme akasogea, farasi akaja akamfungia kila njia. Mchezo ukaishia hapo, katika hatua ya 7! Yule bwana alikuwa bado na malkia mkononi. Kosa lake halikuwa kupenda malkia. Hakuuliza yule farasi ameondoka pale kwenda kufanya nini.

Katika Luka 14 Yesu anamsema mfalme mwenye askari 10,000 anayekabiliwa na mwenye 20,000: anaketi kwanza, anapima. Mtakatifu Tomasi wa Akwino naye anasema busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuamua, kisha kujiamuru kutenda. Sisi vijana huwa tunaanza na la tatu.

Nayasema haya kwa sababu ya kijana mmoja wa parokiani, mtundu sana wa sataranji, ameshanifunga mara nyingi. Jumapili moja tulikuwa tunapanga kete, akaniambia bila kunitazama, “Frateri, kuna mtu kaniambia nipeleke mzigo Sirari usiku kwa pikipiki. Safari moja tu. Ila nisiufungue.” Akataja hela. Kwa kweli ilikuwa nyingi, na mama yake anadaiwa dukani tangu mavuno yaharibike.

Ningeweza kumwambia “ni dhambi” nikaendelea kupanga kete. Nikamuuliza, “Huyo mtu ana pikipiki?”

“Anazo mbili.”

“Kwa nini haendi mwenyewe?”

Akanyamaza. Nikamwambia na upande wa pili, maana ungekuwa uongo kuuficha: ukikataa, deni la mama litakuwa palepale kesho asubuhi. Shetani kule jangwani hakumwonyesha Yesu takataka. Alimwonyesha falme zote na fahari yake. Yesu alikataa, akatoka pale bado ana njaa, na malaika walikuja baadaye.

“Na mimi malaika wangu watakuja lini?” akauliza. Alikuwa hatanii.

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba twende wote kwa mwenyekiti wa jumuiya yao, bila kutaja mzigo, tuongee habari ya lile deni. Akafikiri kwa muda mrefu, kuliko anavyofikiri akiwa ananifunga.

“Twende,” akasema, “lakini tupite kwanza nyumbani nimwambie mama. Asije akasikia kwa watu.”

Kete tuliziacha vilevile mezani. Malkia wake alikuwa hajapangwa bado.