Haki ya Mja Katika Shamba la Mizabibu

Chupa nyingi za mvinyo wa Afrika Kusini zina kibandiko kidogo shingoni, chenye namba. Tangu mavuno ya 2010, kibandiko hicho humhakikishia mnywaji kwamba zabibu zililimwa kwa kutunza mazingira: dawa zilipigwa kwa kipimo, maji machafu hayakumwagwa ovyo, na uoto wa asili uliheshimiwa.

Wanaojali mambo hayo hufika mpaka Elim, kijiji kilicho karibu na Rasi Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Wengi hawafiki; misururu ya watalii huishia Stellenbosch na Franschhoek. Mizabibu ya biashara ilishika kasi Elim miaka ya 1990, na upepo wa bahari huifanya zabibu iive polepole. Ndiyo maana Sauvignon Blanc ya huku husifiwa kwa uchachu wake.

Kinachovutia zaidi ni ardhi yenyewe. Wenye mashamba, pamoja na jumuiya ya Elim, wameungana kulinda ardhioevu ya Nuwejaars, zaidi ya hekta 40,000. Migunga iliyoletwa kutoka Australia, ambayo hunyonya maji na kuvisonga vichaka vya asili viitwavyo fynbos, inakatwa na kung'olewa. Nyati na viboko waliokuwa wametoweka wamerudishwa. Mgeni akionja glasi yake huku akilitazama bonde hilo, huondoka na dhamiri nyepesi.

Wepesi huo ndio wa kuulizwa. Deni lililolipwa hapo lilikuwa la nani?

Masheikh wa pwani yetu hufundisha kwamba kuna haki ya Mungu na kuna haki ya mja. Aliyeacha ibada hutubu kwa Mola wake, na mlango u wazi. Aliyekula jasho la mtu ana kazi ya ziada: amrudishie chake au amwombe radhi, maana Mungu hasamehe kwa niaba ya mwenye kudai. Injili ya Mathayo, sura ya 5, inafika hapohapo kwa njia nyingine: mwenye sadaka mkononi anaambiwa aiache mbele ya madhabahu, aende kwanza kupatana na ndugu yake.

Sasa utazame mvinyo wa Afrika Kusini kwa mizani hiyo. Zabibu zilikamuliwa huko kwa mara ya kwanza mwaka 1659, chini ya Jan van Riebeeck, mkuu wa kituo cha Waholanzi, kwenye ardhi ambayo Wakhoikhoi walikuwa wakilishia mifugo. Mashamba yaliyofuata yalilimwa na watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Utumwa ulikoma kisheria mwaka 1834, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuwatumikia mabwana walewale kwa miaka 4 zaidi kwa jina la uanagenzi. Kulikuwa pia na dop: mfanyakazi alipewa vikombe vya mvinyo kutwa nzima kama sehemu ya ujira. Sheria iliukataza mtindo huo miaka ya 1960, na bado sehemu nyingine uliendelea hadi miaka ya 1990. Leo baadhi ya jamii za jimbo la Rasi ya Magharibi zina viwango vya juu kabisa duniani vya watoto waliodhurika tumboni kwa pombe.

Hakuna mto unaoweza kusafishwa ukalifuta hilo.

Elim yenyewe inalitatiza swali, na hapo ndipo uzuri wake. Wamisionari wa Moravian, kanisa lilelile lililofika Rungwe, Tanzania, mwaka 1891, waliianzisha mwaka 1824, wakaipa jina la kituo cha jangwani chenye chemchemi 12 na mitende 70 katika Kitabu cha Kutoka. Waliotoka utumwani walikimbilia huko. Kijijini kuna mnara wa kumbukumbu ya ukombozi wao, uliosimamishwa mwaka 1938, na mafundi wake wa kuezeka nyasi wanajulikana Rasi nzima. Lakini ardhi ni ya kanisa. Mwanakijiji humiliki nyumba, si kiwanja. Mambo ya Walawi, sura ya 25, inasema ardhi ni ya Mungu na haiuzwi moja kwa moja. Utaratibu huo umeiokoa Elim na madalali. Hata hivyo, ni rahisi kuhubiri kwamba ardhi ni ya Mungu pale ambapo jirani ana hatimiliki na wewe huna.

Wapo watakaosema mkulima wa leo hakumfunga mtu minyororo. Ni kweli, ila amerithi shamba, na anayerithi mali hurithi na madeni yake. Msomaji asiyegusa pombe naye asijione nje ya kesi: karafuu za Unguja zilichumwa na watumwa, na utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, mikarafuu haikung'olewa.

Kipo pia kibandiko cha pili, cha shirika la WIETA lililoanzishwa mwaka 2002. Hicho huhusu mikataba, mishahara na nyumba za wafanyakazi, na si kila chupa inacho. Mtalii anayetaka kujua alipo anaweza kuanza kwa kuigeuza chupa, kisha amwulize mwenyeji maswali mawili: nani aliipogoa mizabibu hii Julai iliyopita, na analala wapi?