Asimame Nje ya Mlango

Ploti yangu ya mtaa wa Kaptembwa, Nakuru, ina vyumba vya safu mbili, mabati juu, choo mwisho wa uwanja. Kando ya mita ya stima nimebandika masharti: kodi kufikia tarehe 5, geti linafungwa saa nne usiku, maji machafu mtaroni. Jirani yangu ana karatasi kama hiyo, ila yake imeongeza kwamba asiyelipa atawekewa kufuli. Hunihimiza nami niliandike hilo. Nimekataa kwa sababu ya imani.

Serikali ya Kenya nayo ina sheria yake, Sura ya 296, ya kudhibiti kodi za nyumba, iliyoanza 1959. Mwenye nyumba haruhusiwi kukata maji au stima ili mpangaji ahame, wala kukamata vyombo vyake bila idhini ya baraza la kodi. Lakini inamlinda yule tu ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kimekaa pale pale kwa miongo huku kodi zikipanda. Mama wa mtaa wa Rhonda anayelipa 2,400 ana baraza la kumsikiza. Binti yake akihamia chumba cha mawe cha 3,500, halimhusu. Utu wake umepungua lini?

Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamwamuru anayedai asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, aletewe. Deni halikufutwa. Kilichokatazwa ni kuvuka kizingiti, na hakuna kiasi kilichotajwa.

Jirani hujibu kwamba ana mkopo, na benki haimngojei. Ni kweli, na inauma. Basi adai: aende kortini, au atume dalali mwenye leseni. Kufuli, hata hivyo, humpata kwanza asiyedaiwa chochote. Mtoto anatoka shule saa kumi, sare mwilini, vitabu vya kesho na unga wa jioni vikiwa ndani, naye anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama mlango wa kwao. Anajifunza nini kuhusu sisi tunaoketi viti vya mbele kanisani?

Mswada wa 2021 ulitaka kuunganisha sheria za kupangisha ziwe moja. Haukuwa sheria. Mbunge atakayeurudisha asibishane juu ya 2,500 iwe ngapi. Aondoe kiwango chote, mlango wa kila mpangaji ulindwe.