Kabla Hujalipa Hela ya Gitaa

Wanangu mnaopiga gitaa makanisani na kwenye bendi ndogo za huku Kinyerezi, Kifuru na Malamba Mawili, nawasikia mnavyobishana. Mmoja hataki kitu zaidi ya mahogani. Mwingine anaapia mepo, ule mti wa nchi za baridi ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Wa tatu kaambiwa na muuzaji kwamba lile jekundu la mtumba, lenye matundu mawili ya herufi f, ni mbao tupu na halina plaiwudi hata chembe, na hapo hapo bei ikapanda. Sikatai kwamba mbao ina kazi. Ila siyo kazi mnayouziwa, na kwenye gitaa lililotumika kuna mambo ya kutazama kabla hujauliza jina la mti.

Sisi wa zamani hatukuwa na ubishi huu, wala si kwa sababu tulikuwa na hekima kuwazidi. Gitaa halikuwa letu. Bendi kubwa za Dar es Salaam zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza 1964 na ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Bima Lee ya shirika la bima, Mlimani Park, iliyoanza 1978 na baadaye kuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Mwenye vyombo ndiye aliyechagua vyombo. Mpiga solo alikabidhiwa gitaa lililokuwepo, akihama bendi analiacha, anakuta jingine huko aendako, na wasikilizaji wanaendelea kumtambua kwa vidole vyake. Sikilizeni rekodi za mpiga solo Mbaraka Mwinshehe akiwa Morogoro Jazz, kisha za Super Volcano aliyoiunda mwaka 1973. Mkono ni ule ule. Ninyi mnanunua wenyewe, tena kwa hela ya kudunduliza, kwa hiyo inabidi mjue zaidi yetu.

Hilo gitaa la umeme mnalolitamani, lenye tumbo pana, jembamba na nusu wazi, lilianza mwaka 1958 kampuni ya Gibson ya Marekani ilipotoa ES-335. Magitaa ya umeme yaliyolitangulia mengi yalikuwa na tumbo wazi kabisa. Sauti yake tamu, lakini yaweke mbele ya spika kubwa uone: sauti ya spika inatikisa tumbo, tumbo linatikisa nyuzi, nyuzi zinairudishia spika sauti, na gitaa linaanza kuvuma bila mtu kuligusa. Gibson wakapitisha gogo la mepo katikati, kutoka shingoni hadi kitakoni, wakayaacha wazi mabawa ya kushoto na kulia. Mpiga gitaa Les Paul alikuwa ameshajaribu jambo la namna hiyo yapata mwaka 1940, kwa kuchukua kipande kinene cha msonobari na kukipachika mabawa ya gitaa la kawaida. Lilikuwa na sura ya ajabu, lakini halikuvuma.

Sasa hapa ndipo wauzaji wanapowapiga. Mabawa ya ile ES-335 ya kwanza, pamoja na uso na mgongo wake, yalikuwa plaiwudi: tabaka za mepo na popla zilizogundishwa pamoja. Haikuwa kubana matumizi, ndivyo lilivyobuniwa, na magitaa hayo ya mwishoni mwa miaka ya 1950 leo ni miongoni mwa yanayouzwa ghali kuliko yote duniani. Wapo mafundi wachache wanaochonga uso wa mbao nzima, lakini anayekuuzia gitaa la kawaida la aina hii akikuapia kwamba halina plaiwudi, ama hajui ama anajua vizuri sana. Tena kwa hali yetu ya hewa plaiwudi inasaidia. Mbao nzima huvimba wakati wa masika na kusinyaa jua likiwaka, mwisho hupasuka. Tabaka zilizolazwa kwa kupishana nyuzi za mbao zinashikana zenyewe. Mtu akilidharau gitaa kwa kuwa ni plaiwudi, mwache alidharau mpaka bei ishuke, ulichukue.

Kuhusu sauti, elewa kwanza kwamba pikapu haiisikii mbao. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, na inachokifuata ni uzi wa chuma unaotikisika juu yake. Mbao inaingia kwa mlango wa uani. Uzi umeshikwa ncha mbili, darajani na shingoni, na kila unapotikisika unaigawia mbao sehemu ya nguvu yake. Mbao ikichukua nyingi, noti inakufa mapema. Ikichukua kidogo, noti inakaa. Gogo la katikati ni zito na halitikisiki ovyo, kwa hiyo linaipa noti uhai mrefu. Mabawa nayo yanatikisika na kula kiasi chake, ndiyo maana pigo la kwanza la gitaa hili huwa laini kidogo, lina hewa ndani yake. Kwa solo safi ya dansi, isiyokwaruza, nalipenda kuliko gitaa la ubao mzima. Lakini tofauti ya mahogani na mepo tumboni, ukishapita kwenye amplifaya, ngoma na kwaya ya watu thelathini, ni ndogo kuliko tofauti ya nyuzi kuukuu na nyuzi mpya. Kabla hujalaumu mti, badilisha nyuzi.

Shingo ndiyo ya kununua. Pale dukani piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, na gitaa halijachomekwa popote. Utakuta noti moja au mbili zinazozimika haraka kuliko jirani zake. Hapo shingo inatikisika kwa kasi ile ile ya noti na kuimeza. Moja unaweza kuivumilia, lakini zikiwa nyingi katika eneo unalolipigia solo, rudisha gitaa ukutani. Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ile iliyo pale shingo inapoungana na tumbo, utazame katikati: uwazi uwe mdogo kama unene wa karatasi ngumu. Ukiwa mkubwa, mwombe muuzaji afungue kifuniko cha kichwani na akaze kile chuma cha ndani ya shingo mbele yako. Akikataa, jua chuma kimegoma.

Geuza uangalie nyuma ya kichwa, pale kinapoanza kulala. Magitaa ya mtindo wa Gibson yana kichwa kilichoinama nyuma, na likianguka chali linapasuka hapo hapo. Ufa uliogundishwa vizuri unaweza kudumu miaka mingi, ila ushushe bei sana. Ufa ambao haujaguswa, achana nao. Mafundi samani wa Keko wanaujua mninga kuliko mimi, lakini usimpelekee mtu wa misumari shingo ya gitaa.

Ubao wa vidole kwenye mengi ya magitaa haya ni roziwudi, na hapa nina dukuduku langu. Roziwudi ya India na mpingo wetu wa Kilwa na Lindi ni ndugu wa jenasi moja, Dalbergia. Mpingo unasafiri kwenda Ulaya kuwa klarineti na obo, nasi tunasubiri mtumba urudi kwa kontena. Mwaka 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliiweka jenasi yote chini ya udhibiti, viwanda vingi vikahamia mbao nyingine za kahawia, mpaka mwishoni mwa 2019 ala zilizokamilika zilipopewa msamaha. Kwa hiyo ukikuta gitaa la miaka hiyo lina ubao wa vidole usioufahamu, si dalili ya ubovu. Ufute kwa kitambaa kikavu, na tafadhali usiupake mafuta ya kupikia.

Washa tochi ya simu, umulike ndani ya tundu la f. Unataka kuona ukuta wa mbao umesimama katikati, kutoka uso hadi mgongo: ndilo lile gogo. Epiphone Casino, iliyotoka 1961 na kupendwa na akina Beatles, haina gogo. Epiphone Dot inalo. Na ukizitazama kwa mbali utasema ni mapacha. Casino kanisani kwa sauti ya wastani ni gitaa zuri mno. Kwenye baa yenye spika mbili kubwa itakutoa jasho.

Sasa chomeka. Zungusha vitufe vyote: mkwaruzo mdogo ni vumbi, lakini sauti inayopotea kabisa ni waya au kitufe kilichokufa. Gitaa la aina hii halina mlango wa nyuma, hivyo fundi anavitoa vitufe na waya zote kupitia tundu la f, kisha anavirudisha kwa kuvivuta na uzi, kimoja kimoja. Mafundi redio wengi watakurudishia kazi bila kuimaliza. Shika jeki pia: ikicheza kwenye plaiwudi, angalia kama mbao imepasuka kuizunguka. Na ukisikia mngurumo karibu na taa za tyubu, yawezekana pikapu ni za koili moja. Zile za koili mbili, alizobuni Seth Lover akiwa Gibson mwaka 1955, ziliundwa kwa ajili ya kuufuta mngurumo huo.

Likiwa na jina la Gibson, angalia kifuniko kile cha kichwani. Cha kiwandani kwao kina skrubu mbili, za bandia nyingi zina tatu. Bandia inaweza kupigika vizuri, sina ugomvi nayo, mradi ulipe bei ya bandia.

Na kama unauziwa pamoja na amplifaya, igeuze usome volti nyuma. Za Japani ni 100, za Marekani 120, na umeme wa majumbani kwetu ni 230. Usipoinunulia transfoma ya kushusha itaungua siku ya kwanza, na muuzaji wa mtumba harudishi hela.