KILIO CHA MJI
(Mwanzo 18:16-33)



Mtaa ukitajwa sana katika habari za polisi hapa Dar es Salaam, sisi wa mitaa ya jirani twaanza kuukwepa. Wako miongoni mwetu wanaoshauri kwamba sala za nyumbani zisipelekwe tena ng'ambo ya barabara, kwa sababu ya unga na vijana wanaokamatwa nao. Kabla ya kukata shauri, yafaa tuusome mlango huu.

Kilio juu ya Sodoma na Gomora kilikuwa kimemfikia Mungu. Siku hizi tungesema makosa yalikuwa yameripotiwa. Naye ajuaye yote hakuihukumu miji ile kwa kusikia tu. Alisema atashuka aone kama matendo yao yanalingana na kilio. Ikiwa Yeye alishuka, sisi tumepata wapi ruhusa ya kukaa barazani na kuhukumu mitaa kwa hesabu za makosa?

Maana hesabu hizo zina tabia zake. Aliyeibiwa kuku huenda kituoni kulalamika. Biashara ya unga haina mlalamikaji: muuzaji hasemi, wala mnunuzi hasemi. Kwa hiyo kosa huandikwa pale polisi walipokwenda kutafuta. Ikifanyika operesheni hesabu hupanda, ikiisha hushuka, na huenda unga ukawa ule ule. Kijana mwenye kete mbili kijiweni huonekana na kila apitaye. Aliyeleta shehena kwa jahazi, akalala nyuma ya geti lake, haonekani kirahisi. Ni kweli kwamba tangu sheria ya mwaka 2015 iko Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, na wako wakubwa waliofikishwa mahakamani. Lakini akamatwaye upesi ni yule wa kijiweni.

Kisha kuna ukimya wetu. Mama ambaye sufuria, redio, hata mabati ya jikoni yameuzwa na mwanawe, hafiki kituoni. Aona haya, tena aogopa kumtia mwanawe gerezani. Wala hatumlaumu. Lakini mtaa wake huhesabiwa kuwa safi, na baadhi yetu twakaa katika mitaa safi ya namna hiyo. (Sisi tuliofundisha twajua kwamba mtoto asiyesema kitu ndiye wa kuulizwa hali kwanza.)

Ibrahimu hakuukimbia mji. Alikaribia, akauombea, akishusha hesabu toka hamsini hadi kumi. Angalieni: yeye alihesabu wenye haki, sisi twahesabu wakosaji tu. Katika mitaa tunayoikwepa wako akina mama wauza maandazi, wako walimu, wako vijana ambao kila asubuhi huenda kliniki kunywa methadoni mbele ya muuguzi. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala mwaka 2012. Dawa ni bure, ila hunywewa kila siku, na nauli si bure. Akikosa nauli siku chache, arosto humrudisha kijiweni. Asubuhi anazofika kliniki haziandikwi katika kitabu chochote cha polisi.

Basi twaliomba Baraza la Kanisa lisiziondoe sala za Alhamisi kule. Wenye nafasi wafike kanisani saa kumi, tutembee pamoja kungali mchana. Na mwenye chochote cha kusaidia nauli za vijana hao amwone mtunza hazina baada ya ibada.